Barua ya Funo

Funo dume haandiki kwa wino.
Chini ya jicho ana mfereji mweusi;
husogeza uso kwenye kijiti, taratibu,
kama mtu anayetia uzi kwenye sindano,
akaacha pale tone moja linalonata.
Nipo. Hapa pangu. Njoo.
Barua yenyewe ndiyo hiyo, haina zaidi.

Nilifundishwa kuisoma na Mjomba Mwinyimvua
kwenye vilima vya Pugu, nyuma ya machimbo ya udongo mweupe,
mwaka ule sukari ilipatikana kwa foleni na kwa kujuana.
Alilichota tone kwa kidole, akalinusa:
"La jana hili. Huu msimu wake, masikio hana."
Bunduki ilikuwa gobore; kibali chake kilizikwa na marehemu babu.
Bwana nyama alikuwa Kisarawe, kalazwa na homa.

Sababu nitaitaja:
Ijumaa ilikuwa harusi yangu.
Mahari ilikwishakomba hadi redio.
Mbuzi alikuwa mmoja, naye wa mkopo,
na watu wa Gongo la Mboto ukiwaalika hamsini
huja mia, na watoto mgongoni.

Mjomba akabana pua kwa vidole viwili,
akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika,
kama bawaba ya mlango unaofunguliwa usiku kwa siri.
Sauti ya jike.
Treni ya bara ikapiga honi stesheni, ikapita.
Akaita tena.

Akaja.
Mnyama wa porini huja kwa kusita,
mguu mmoja mbele, mwili wote nyuma.
Huyu alikuja kama mimi nilivyokuwa nikienda kwa kina Sikudhani,
shati la kuazima, kichwa juu,
nikipita katikati ya mbwa wa watu pasipo kuwaona.
Pembe mbili fupi, hazizidi kidole changu.
Manyoya ya utosi yamesimama.
Hatua kumi. Nane.
Akatua, akamtafuta aliyemwita,
akamkuta Mjomba, kashika pua.

Nilipiga.
Msinitafutie moyo mwema pale,
sikuwa nao; nilikuwa na sufuria.
Moshi wa baruti haujatawanyika
kichaka cha pili kikatikisika, akatoka jike.
Wa kweli.
Kumbe naye alikuwa njiani.
Akanusa moshi, akatutazama,
wala hakukimbia mara moja.

Mpishi alimwaga tangawizi, ndimu,
akaongeza karafuu bila kupima.
Dume wa msimu hafichiki, nyama yake husema.
Wageni walikula. Watu wa mjini
hula kwanza, huuliza baadaye.
Bibi harusi pekee, alipoletewa sinia chumbani,
alitafuna mara mbili, taya likasimama.
Usiku, tukiwa wawili,
neno lake la kwanza kwangu kama mke
lilikuwa hili:
"Huyu alikuwa anakwenda kuoa."

Miaka thelathini na minane.
Hajalirudia, wala halijaisha.

Sasa tunakaa Majohe. Kando ya msitu pamepimwa viwanja,
vigingi vya saruji vimeota kuliko mihogo,
na treni ya umeme hupita kama mgeni asiyebisha hodi.
Juzi, baada ya mvua ya kwanza ya vuli,
nilikuwa nafagia kando ya ua wa michongoma
nikaona kijiti kilichovunjika, nchani pana tone jeusi.
Nikainama. Likanata.
Nikalinusa: la leo.

Sikudhani alikuwa mlangoni na ungo wake.
"Nini hicho?"
"Utomvu."
Akaja, akakishika kidole changu,
akakinusa,
akakaa nacho puani muda mrefu kuliko utomvu unavyostahili.
Akarudi kwenye mchele wake.

Jioni ile, kabla hata ya magharibi,
alimfunga mbwa.